Kambale wa Mkia Mdomoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Naanza na hilo makusudi, ili vijana mnaosoma hapa msije mkadhani mnasimuliwa na shujaa. Nilikuwa nimetoka Kilolo, kwenye baridi na ukungu, na kidato cha nne changu na cheti cha uvuvi ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka, nikapangiwa bwawa la Mtera. Kwetu maji ni kitu cha kuchota. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kuna watu wanapanda juu yake kwa hiari.

Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye kofia ya ukindu na sauti ya mtu mrefu, aliniingiza kwenye mtumbwi asubuhi ileile. Kabla hatujafika mbali, chai yangu ikarudi ilikotoka. Akaacha kupiga kasia, akanitazama.

"Kijana, kwenu wapi?"

"Kilolo, mzee."

"Kilolo kuna ziwa?"

"Hakuna, mzee."

"Basi aliyekuleta huku ana ugomvi na baba yako."

Lakini alikuwa mwalimu. Tuliporudi nchi kavu aliniwekea samaki mkononi akanifundisha ukaguzi, yaani kazi ya kusema samaki huyu aingie sokoni au afukiwe. Mambo matatu: jicho, shavu, kidole. Jicho liwe limetokeza na kung'aa. Ukiinua shavu, matamvua, yale majanimajani ambayo samaki hupumulia, yawe mekundu. Ukibonyeza nyama kwa kidole, shimo lifutike lenyewe.

"Samaki hasemi uongo," aliniambia. "Muuzaji anaweza, mnunuzi anaweza, wewe mwenyewe siku ya mshahara unaweza. Samaki hawezi."

Nilimwamini kama nilivyoamini ramani ya darasani. Kwenye karatasi cheo changu kilikuwa Msaidizi wa Uvuvi. Midomoni mwa watu nilikuwa Bwana Samaki, na jina hilo limenifuata mpaka leo, hata kwenye misiba.

Baada ya Mtera walinirudisha Kilolo kusimamia mabwawa ya kufugia perege. Hiyo ndiyo ilikuwa miaka mitamu. Bwawa la kuchimba halina mawimbi, unalikagua ukiwa umesimama kwenye majani, na jioni unalala kitandani kwako. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine walikimbizana na semina na safari. Mimi nilikimbizana na ugali wa moto. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu hata akienda chooni anaaga, maana anaona amesafiri."

Ndipo ukaja uhamisho wa Chunya.

"Huko si ndiko kwenye dhahabu?" akauliza Mama Neema.

"Mimi naenda kwenye samaki."

"Basi leta samaki aliyemeza dhahabu," akasema, akaendelea kuchambua maharage. Alidhani anatania. Hata mimi nilicheka.

Nieleze kidogo mahali penyewe. Chunya mjini ni vumbi, tumbaku na dhahabu. Ukiteremka bonde, siku nzima kwa gari la mizigo wakati ule, unafika Ziwa Rukwa, na joto linakupokea kama mtu unayemdai. Kituo changu kilikuwa kambi ya wavuvi iitwayo Matete, kwenye mdomo wa mto unaotoka machimboni. Mdomo wa mto, kwa sisi wa kazi hii, ni leba ya ziwa. Maji ya mto yanapokutana na matete, samaki huja kutaga, na vifaranga hukulia humo.

Wanaume walivua. Kilichobaki chote kilikuwa cha wanawake, na mkubwa wao alikuwa Mama Tuntufye, Mnyakyusa wa Kyela mwenye mikono iliyokomazwa na moshi. Yeye ndiye aliyenifundisha kambale wa Matete. Akishaoshwa na kutiwa chumvi, kabla nyama haijakaza, wanamkunja duara, mkia unapitishwa mdomoni na kubanwa kwa kijiti. Kisha anapangwa juu ya chanja, ile meza ya miti iliyo juu ya moto, anakaushwa kwa moshi mpaka anakuwa mgumu kama bangili. Kambi ya Ng'ambo, upande wa pili wa ziwa, wao walimpasua mgongoni wakamkausha akiwa bapa. Kwa hiyo mchuuzi wa Mbeya hakuhitaji kuuliza. Akimwona kambale ameuma mkia, alijua ni wa Matete, na alimpenda kwa sababu ya moshi wa Mama Tuntufye.

"Tata," aliniambia siku nilipofika, yaani baba kwa Kinyakyusa, "wewe una muhuri wa serikali. Sisi muhuri wetu ni mkia."

Sasa huko juu mtoni machimbo yalikuwa yakikua. Mawe yalisagwa kwenye makarasha, unga wake ukaoshwa kwa zebaki, maji yale mazito ya fedha yanayonasa dhahabu. Unga uliobaki, wanaouita marudio, bado una chembe za dhahabu, basi akatokea mwenye mtaji, akajenga mtambo wa kuyaloweka marudio hayo kwenye bwawa lenye dawa ya sianidi. Bwawa lenyewe lilikuwa la udongo, na ukuta wake mmoja ulikuwa umeegemea ukingo wa mto kama mlevi aliyeegemea mlango wa jirani. Niliuona nikipita, nikauliza, nikajibiwa kwamba mambo ya mgodi yana wenyewe.

Mvua ya kwanza ya msimu ule ilinyesha usiku. Asubuhi nilisikia vigelegele. Matete yote yalikuwa yamejaa samaki wanaoelea, wakubwa kwa wadogo, na wanawake walikuwa wakizoa kwa matenga. Wakaniita nipasishe.

Nikachukua kambale. Jicho, linang'aa. Kidole, nyama inarudi. Nikainua shavu: mekundu! Mekundu kama nyanya iliyoivia shambani. Sijawahi kukagua samaki mzuri namna ile. Nikachukua perege, hali ileile. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema wazuri, ndipo Mama Tuntufye akatua tenga lake chini.

"Bwana Samaki, nani kawavua hawa?"

"Si mmewakuta?"

"Ndiyo nauliza. Hawana alama ya nyavu. Hawana alama ya ndoano. Mpaka vidagaa na kaa wamo. Mimi samaki anayekuja mwenyewe bila kuitwa, simkaribishi ndani."

Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia huko na mumewe baada ya kuuza ng'ombe wao Usangu, akacheka. "Shoga, Mungu akigawa wewe unadai risiti?"

Tukabishana pale kwenye matope, jua likipanda. Mchana nikainua mashavu tena. Samaki aliyekufa tangu alfajiri, kwa joto lile la Rukwa, matamvua yake yanapaswa kuwa ya kahawia na kuteleza. Haya yalikuwa bado nyanya. Hapo nikamtua samaki chini, nikanawa mikono. Kwenye mchanga, korongo mmoja aliyekuwa amejishibisha mapema alikuwa amelala, na hakuwa amelala usingizi.

Tulichimba shimo tukawafukia wote. Mama Kulwa alilia akifukia, na sikumwambia anyamaze.

Baadaye mtaalamu wa maji kutoka mkoani alinieleza. Sianidi humzuia kiumbe asitumie hewa iliyo ndani ya damu yake. Damu inabaki nyekundu kwa sababu hewa imo na haina pa kwenda. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi huku amejaa pumzi. Ukuta wa bwawa ulikuwa umepasuka mvua ilipopiga. Akaongeza kwamba sianidi ina kelele lakini hupita. Zebaki ndiyo mpangaji asiyehama. Inashuka kwenye tope, inaingia kwa wadudu, kutoka kwa wadudu inaingia kwa samaki wadogo, mwisho inamfikia kambale alalaye topeni. Na kambale huyo jicho linang'aa, shavu jekundu, kidole kinarudi. Mkuu wangu wa Mtera, Mungu amrehemu, alikuwa amekosea. Samaki anaweza kusemeshwa uongo.

Mkuu wa Idara ya wilaya aliteremka na viatu vyake vinavyong'aa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuhesabu nani atampigia simu.

"Kwenye ripoti yako umeandika 'sumu'," aliniambia. "Neno hilo likifika sokoni, nani atanunua samaki wa ziwa hili? Utawaua wavuvi wako mwenyewe. Sema 'mabadiliko ya hali ya maji'."

Na ubaya wa mambo, alikuwa na nusu ya ukweli. Nikisema, kambi inakosa soko. Nikinyamaza, watu wanakula. Nilimwambia nitasema, lakini nitasema pamoja na dawa yake. Akaniuliza dawa gani. Nikamjibu kwamba naitafuta, akanitazama kama vile Mkuu wa Kituo alivyonitazama kwenye mtumbwi.

Soko halikungoja barua ya mtu. Wachuuzi wa Mbeya walisikia kutoka kwa madereva, wakawakataa kambale waliouma mikia yao. Matenga ya Matete yakarudi kama yalivyokwenda. Kambale bapa wa Ng'ambo walinunuliwa bila swali.

Wiki iliyofuata nilipita kwenye machanja nikamkuta Mama Kulwa ameshika kisu, anampasua kambale mgongoni.

"Unafanya nini?"

"Namfanya awe wa Ng'ambo."

"Huyu umemtoa wapi?"

"Mdomoni mwa mto. Nyavu za baba Kulwa ziko pale pale siku zote." Akaacha kupasua. "Bwana Samaki, usinitazame hivyo. Watoto wangu hawali umbo, wanakula ugali. Umbo la Matete halinunui unga."

Wengine wawili watatu walikuwa wameficha visu nyuma yao. Tukakaa kikao palepale, juu ya matenga yaliyopinduliwa. Mama Tuntufye alisimama, na alipokuwa na hasira Kiswahili chake kilikuwa kinakwenda Kyela na kurudi.

"Mkimpasua huyu, mjini ataliwa na mtoto wa mtu. Akiugua, watamkataa na wa Ng'ambo. Halafu tutamkunjaje? Tumfunge tai? Nimechoka fijo, nimechoka sana! Mkia unabaki mdomoni."

"Ukibaki mdomoni hauuziki!" akajibu Mama Kulwa.

"Basi tufanye uuzike."

Nikajikuta nimesimama. Nikasema mdomo wa mto ufungwe kabisa, asivue mtu. Nyavu zote ziende nje, kwenye maji makuu, ambako mtaalamu alisema samaki waliopimwa walikuwa salama. Anayekunja mkia awe anaapa kwamba samaki wake katoka nje. Na bwawa la marudio lihamishwe kutoka mtoni kabla ya mvua nyingine, maana bila hilo hata maji makuu yatafuata.

Baba Kulwa, mvuvi mwenye maneno machache, akauliza, "Mpaka wa nje na wa mdomoni utaonekanaje?"

"Tutauwekea boya."

"Nani atakayeliweka?"

Kambi nzima ikanigeukia. Walijua habari zangu na mitumbwi.

Niliweka maboya yale mwenyewe. Madumu ya mafuta yaliyopakwa rangi nyeupe, yamefungwa kamba na mawe. Baba Kulwa alipiga kasia, mimi nikadondosha madumu upande mmoja na kutapika upande wa pili. Ufukweni walikuwa wakishangilia. Mpaka leo sijui walishangilia lipi. Lakini mpaka uliwekwa na Bwana Samaki mwenyewe, na kila mtu alimwona, na hakuna aliyethubutu kusema hakuambiwa. Mama Kulwa alikiweka chini kisu chake. Alisema, "Mtu akitapika kiasi kile kwa ajili yetu, aibu kumdanganya."

Ikabaki kazi ya bwawa. Nikapanda machimboni kwa mwenye mtambo, mtu mwenye tumbo la heshima na simu mbili.

"Mzee, wewe ni Bwana Samaki," aliniambia. "Mimi kazi yangu ni mawe. Unaona samaki hapa?"

"Ndiyo maana nimekuja. Nilitegemea kuwaona mtoni."

"Ukuta tumeuziba. Nenda nyumbani kapumzike."

Alijuaje kwamba nyumbani ndiko ninakopenda? Ningeenda kweli. Lakini nilijichunguza, nikatafuta kipaji gani nilicho nacho ambacho kingefaa. Kusema sijui. Kupigana sijui. Kuogelea, tusizungumze. Kitu kimoja nimejaliwa kuliko watu wote wa nyanda hizi: kukaa.

Kesho yake nikaenda nikakaa juu ya jiwe, kwenye ukingo wa mto wa umma, mkabala na ule ukuta. Nikafungua mwavuli. Mchana nikala kiporo changu. Jioni nikashuka kwenye nyumba ya kijiji niliyopanga. Siku iliyofuata nikarudi. Vijana wa mtambo wakaanza kutaabika. Hakuna kitu kinachomtesa mfanyakazi kama mtu wa serikali asiyeuliza swali.

"Mzee, unangoja nini?"

"Mvua."

Jibu hilo lilimfikia bosi wao, na nasikia hakulipenda.

Mkuu wa Idara akanipigia simu. "Umeajiriwa kukagua samaki, si kukaa mtoni!"

"Mkuu, ninawakagua kabla hawajafa."

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Vaa kofia basi, jua la huko kali." Nilijua hapo kwamba nusu ile nyingine ya ukweli ilikuwa inamfanyia kazi.

Wavuvi waliposikia nakalia jiwe, walinitengenezea kiti. Fremu ya mti, na pa kukalia pamesukwa kwa kamba za nyavu zilizochakaa. Mama Tuntufye alikileta mwenyewe kwa gari la mizigo, pamoja na uji, na alipofika hakuondoka. Akaketi chini, akatandaza kanga. Siku nyingine wakaja wanawake wengine kwa zamu. Wakakaa wakisuka matenga mapya. Wachimbaji wenyewe wakaanza kuja kukaa nasi wakati wa mapumziko, maana nao walikunywa maji ya mto ule, na hakuna aliyewahi kuwaambia chochote. Mmoja aliuliza kama ni kweli mikono yake kutetemeka kunatokana na kuchoma zebaki juu ya jiko. Nilimwambia mimi ni wa samaki, aende hospitali, na asiende peke yake. Alikwenda na wenzake.

Kila gari lililopita liliuliza wale wanawake na mzee mwenye mwavuli wanangoja nini, na kila gari lilijibiwa: mvua. Likapita gari la watu wa mazingira. Likapita la watu wa madini. Mwisho yakaja yote pamoja, na Mkuu wa Idara akiwa ndani ya moja, na safari hii viatu vyake vilikuwa na vumbi. Ndiye aliyepanda juu ya ukuta ule, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Hii ni sumu, na imekaa mtoni."

Bwawa lilihamishwa juu kwenye mwinuko, mbali na mto, likatandikwa turubai nzito. Mvua ilipokuja tulikuwa bado tumekaa. Tuliangalia maji yakishuka, ya kahawia, ya matope ya kawaida tu, na Mama Tuntufye akasema, "Ndaga," asante ya kwao, akakunja kanga yake.

Msidhani niliokoa ziwa. Zebaki iliyoingia kwenye tope la mdomo wa mto bado imo, na yale maboya yako pale mpaka leo, yanapakwa rangi upya. Maji makuu ni mbali, yanahitaji mtumbwi mkubwa na injini, na familia zilizokosa vyote viwili zilihama. Baba Kulwa na mkewe walibaki. Kambi imepungua, matete yameongezeka. Ila kambale wa mkia mdomoni alirudi sokoni taratibu, na wachuuzi wa Mbeya wakaanza kuapa kwa mkia ule kana kwamba waliubuni wao.

Sasa nimestaafu, niko Ilomba, Mbeya mjini, nyumba ya nyuma ya barabara, na mama watoto ananiambia nimekuwa sehemu ya sofa. Vijana wa idara hunijia kuuliza siri ya kazi. Nawaambia wajifunze jicho, shavu na kidole kama nilivyojifunza, ni elimu nzuri. Kisha nawaambia wamwache huyo samaki mezani, wapande mto, waangalie nani yuko juu. Na wakimkuta, wasimwachie nafasi ya kuwachosha. Wamchoshe wao.

Jumamosi iliyopita Mama Neema alirudi sokoni na kambale wawili, wameuma mikia. Nikawanusa, moshi wa Mama Tuntufye. Sikumaliza kula, simu ikalia, na ni yeye mwenyewe.

"Tata, umelala?"

"Nakula samaki wako."

"Kula haraka. Kuna mwingine kaanza kuchimba bwawa la marudio. Kijito cha pili, upande wa huku. Udongo mtupu, ukingoni kabisa."

"Bwana Samaki wenu wa sasa anasemaje?"

"Anaandika. Anaandika vizuri, mtoto wa watu. Lakini hajui kukaa."

Nikamtazama Mama Neema. Alikuwa amesikia, maana Mama Tuntufye hajawahi kuamini kwamba simu inafikisha sauti bila kupigiwa kelele. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na mwavuli wangu, akaufungua pale sebuleni kuangalia kama panya wameutoboa.

"Una tundu moja dogo," akasema. "Utakufaa."

Nikarudi kwenye simu, nikauliza kama kile kiti bado kipo.

"Kipo. Kuna mtu alitaka nimwazime."

"Usimwazime," nikamwambia. "Kiweke kando ya kijito."